UZI: Servo za bei nafuu kwa CNC ya mihimili minne (niko Lamu, nachonga milango)

PatasiYaAmu · Langoni, Lamu

Assalaam aleikum, jamani. Karakana yetu ni ya milango na vitanda vya nakshi, kazi niliyoikuta kwa baba, naye akaikuta kwa babake. Mimi na ndugu yangu tumeamua kuunda CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) yetu wenyewe. Fremu iko tayari: chuma cha boksi, meza ya mita 2.5 kwa 1.3. Gantri (daraja linalotembea juu ya meza) pamoja na spindo (mota inayozungusha kisu) na kila kinachopanda juu yake tulikipima kipande kwa kipande kwa mizani ya samaki, ikatoka kilo 120 kasoro kidogo. Spindo ni ya kilowati 2.2, ya kupozwa kwa maji. Vyuma vilivuka kutoka Mokowe kwa mashua, kisha punda, na wallahi wenye punda wamekula pesa kuliko welda.

Kabla hamjaniuliza: hapana, mashine haiji kumfukuza mchongaji. Mfaa mmoja (ule mhimili wa katikati ya mlango) wa mbambakofi, kabla hujafika kwenye maua yenyewe, unakula siku mbili za kuondoa mbao tu. Hiyo ndiyo kazi ya mashine. Miimo na kizingiti vivyo hivyo. Kingo na majani tutamalizia kwa patasi. Mhimili wa nne ni wa kuzungusha matendegu ya vitanda.

Nimekwama kwenye mota. Nimeulizia huku na huku: stepa (mota zinazokwenda hatua kwa hatua) za saizi ya NEMA 34 zenye enkoda (kihisi cha mzunguko), nguvu ya kuzungusha nyutani-mita 8.5, nimetajiwa dola 130 kwa seti. Servo za AC (mota zinazojisahihisha kwa enkoda) za Kichina za wati 750, yaani mota, draivu (kifaa cha kuiendesha mota) na kebo za mita tatu, dola 180. Servo ya kampuni ya Delta ya wati hizo hizo, karibu mara mbili. Halafu kuna jamaa Mombasa ana Yaskawa na Panasonic za mtumba, anauza kwa bei ya kutupa. Zote hizo kabla ya usafiri na VAT ya asilimia 16.

Mpango wangu ni skrubu ya gololi (fimbo ya uzi inayosukuma nati yenye gololi) ya milimita 25 kwa mhimili mrefu, urefu mita 2.4, na mota za wati 1,000 pande zote "ukae salama", kama alivyoniambia jirani. Stima ni fezi moja. Nipeni ushauri kabla sijatuma pesa.

FundiDraivu · Malindi

Waaleikum salaam. Usitume.

Anza na hiyo skrubu, mota baadaye. Skrubu ndefu ikizungushwa mbio hujipinda katikati na kucheza kama kamba wanayorukia watoto. Hapo unene unasaidia kidogo, lakini urefu unaumiza kwa mraba: ukiuzidisha mara mbili, kasi salama inabaki robo. Skrubu yako ya 25 kipenyo chake cha ndani ni kama milimita 21.5. Kwa mita 2.4, ncha moja ikiwa imebanwa sawasawa na ya pili imeegemea beringi, kikomo ni mizunguko 560 hivi kwa dakika. Mota ya servo ya wati 750 hutoa nyutani-mita 2.39 kwenye mizunguko 3,000, na wati zake zimehesabiwa hapo. Ukiizungusha kwa 560 unatumia wati 140. Zilizobaki umezilipia, umezisafirisha, umezipandisha punda, na hazifanyi kazi.

Watu wengi hununua servo kama wanavyonunua jenereta, kwa wati. Servo ni kasi. Ukishindwa kuizungusha karibu na 3,000 basi umenunua stepa ya gharama.

Kwa hiyo mhimili mrefu weka reki na pinioni (fimbo yenye meno na gia ndogo inayotembea juu yake), mota mbili, moja kila upande, na giaboksi ya sayari katikati. Chukua pinioni ya moduli (ukubwa wa jino) 1.5, meno 25. Kipenyo chake ni milimita 37.5, na mzunguko mmoja unasogeza gantri milimita 117.8. Gia ya 10 kwa 1, mota ikienda 3,000, pinioni inaenda 300, gantri inakimbia mita 35 kwa dakika. Hutaitumia yote kwenye mbambakofi, lakini ipo.

Sasa nguvu. Kila upande unabeba kilo 60. Ukitaka iongeze kasi kwa mita 2 kwa sekunde mraba, hapo ni nyutani 120. Weka 150 za kukata na 30 za msuguano: 300. Zidisha kwa nusu kipenyo cha pinioni unapata nyutani-mita 5.6. Gawa kwa 10, ongeza kidogo kinachopotelea kwenye gia: 0.63. Mota ya wati 400 inatoa 1.27 mfululizo, na kwa muda mfupi hufika karibu mara tatu ya hapo. Umeona? Wati 400 inafanya kazi hiyo ikipiga miayo.

PatasiYaAmu

Wati 400?! Jirani atanicheka. Mashine yake ni nyepesi kuliko hii na ana 750.

FundiDraivu · Malindi

Acheke, lakini huenda ana sababu, hata kama yeye mwenyewe haijui. Kuna kitu cha pili cha kupima zaidi ya nguvu, nacho ndicho huwaangusha wengi: inesha, yaani ukaidi wa kitu kubadili mwendo.

Mpe mtoto mwembamba kamba ya punda aliyebeba mawe. Punda akitembea polepole, mtoto anamwongoza vizuri. Punda akitaka kusimama ghafla au kugeuka, mtoto ndiye anayeburutwa. Rota ya mota, ile sehemu ya ndani inayozunguka, ni huyo mtoto. Mzigo ukiwa mzito mno kuliko rota, draivu itatetemeka, itaimba, na kwenye kona ya ua utaona mawimbi kama ya jangwa. Ukihesabu mzigo unaofika kwenye rota, jitahidi usizidi mara 10 ya inesha ya rota yenyewe. Chini ya 5 ni raha.

Kilo 60 kwenye pinioni yako, kupitia gia ya 10 kwa 1, zinafika kwenye mota zikiwa kilo-sentimita mraba 2.1. Gia hugawa inesha kwa mraba wake, na hapo ndipo pana uchawi. Rota ya Delta ya wati 400 ni 0.277, ya wati 750 ni 1.13. Uwiano kwa 400 ni 7.6, kwa 750 ni 1.9. Ukiweka gia ya 5 kwa 1 ili uokoe, mambo yanageuka: 400 inakwenda 30 (haifai), 750 inakwenda 7.5.

Hivyo una njia mbili halali: wati 400 na gia ya 10, au wati 750 na gia ya 5. Kwako nachagua ya kwanza. Sababu nitakuambia chini.

X, mhimili wa kuvuka gantri, una urefu mdogo, hapo skrubu ya gololi inafaa. Ya milimita 20, hatua 10 (mzunguko mmoja unasogeza milimita 10), kama mita 1.5: kikomo chake ni mizunguko 1,140, yaani mita 11 kwa dakika. Kigari chako cha Z (mhimili wa kupanda na kushuka) kikiwa kilo 35, inesha yake na ya skrubu yenyewe inafika karibu 2.7. Wati 400 hapo iko mpakani, lakini inapita. Usishawishike na hatua ya 20 kwa ajili ya mbio, uwiano utapanda hadi 19 na utaujutia.

Z ni nyepesi. Uzito wa kilo 18 kwenye hatua 10 unataka nyutani-mita 0.3 tu. Lakini Z lazima mota iwe na breki. Lazima. Skrubu ya gololi haijizuii, stima ikikatika spindo inashuka yenyewe hadi kwenye kazi yako.

Na mhimili wa kuzungusha, usiweke giaboksi ile ile ya sayari. Za bei rahisi zina mchezo, yaani meno kulegea, wa dakika 10 za tao hivi (sehemu ya sita ya digrii). Kwenye pinioni hiyo ni milimita 0.05, nani ataiona kwenye mvule? Kwenye tendegu la kipenyo cha milimita 120 inakuwa 0.17 kwenye ngozi ya mbao, na mwanga wa dirishani utaionyesha kama mshono. Tafuta gia ya hamoniki ya 50 kwa 1, hata ya mtumba. Pesa uliyookoa kwenye wati iende hapo.

Sasa ile sababu. X, Y mbili (za mhimili mrefu), Z na ya kuzungusha, zote wati 400, mota aina moja, draivu aina moja. Seti tano, na ya sita ya akiba. Mimi nikiwa Malindi draivu ikifa napanda matatu asubuhi, Mombasa, jioni niko nyumbani. Wewe uko kisiwani. Mota tano za aina tatu ni akiba tatu. Mota tano za aina moja ni akiba moja. Na hiyo ya akiba nunua YENYE BREKI, kwa sababu yenye breki huingia popote, isiyo na breki haiingii Z.

MwanaMatondoni

Yakhe, sisi huku jahazi zima tunalitoa kwa tezo na keekee, nyinyi mwataka hamoniki kwa mguu wa kitanda 😂

Kwa kweli lakini, hivi stepa haziwezi kabisa? Dola 50 mara sita ni pesa.

PatasiYaAmu

@MwanaMatondoni nimekaa na kikokotoo jana usiku. Chukua ubao wa mlango wa sentimita 60 kwa mita 1.8. Kisu cha mviringo kinapita mstari kwa mstari, kila mstari milimita 0.4 kutoka kwa mwenzake. Hiyo ni mistari 1,500, kilomita 2.7 za safari. Kwa mita 3 kwa dakika ni masaa 15. Kwa mita 6 ni masaa saba na nusu. Na hapo hujavunja kisu wala hujapoteza stima. Ubao mmoja! Mlango una mbili.

FundiDraivu · Malindi

Swali zuri hata hivyo, na jibu la haki ni kwamba stepa zinaweza. NEMA 34 yenye gia ya 5, ikizungushwa 600, inatoa mita 14 kwa dakika na nguvu inatosha. Shida ni kwamba stepa juu ya hapo nguvu yake inaporomoka, na kuchonga nakshi si kwenda mbio moja kwa moja, ni Z kupanda na kushuka kila milimita. Ungekuwa unakata mbao za makabati ningekuambia chukua stepa ukalale.

Zile za zamani zisizo na enkoda ndizo za kuogopa kweli. Hupoteza hatua kimyakimya. Unarudi kutoka swala ya adhuhuri mashine inachonga kwa furaha, maua yote yamehama sentimita moja kushoto. Servo ikishindwa kufuata amri husimama na kutoa kengele. Kwenye Delta utaiona AL009, nyingine zina herufi zao. Ubao unapata alama lakini haufi.

MtumbaSafi · Changamwe

Naona wote mnakimbilia vya boksi jipya. Mimi nimefunga Panasonic za mtumba kwenye mashine tatu na zinadunda. Mota ya Kijapani ya miaka kumi ni bora kuliko ya juzi isiyo na jina. Rota, sumaku na beringi zake ni kitu kingine.

FundiDraivu · Malindi

Mota sibishani nawe, MtumbaSafi. Lakini enkoda za hizo ni za mawasiliano, kila kampuni ina lugha yake. Mota ya Panasonic inataka draivu ya Panasonic, tena ya kizazi chake. Wewe uko karibu na bandari, ukikosa draivu unazunguka maduka manne. Huyu kijana atapata mota nne za vizazi vitatu na kebo zimekatwa kwa msumeno, maana ndivyo zinavyotolewa kwenye mashine za kuvunjwa. Plagi ya enkoda peke yake ni kilio.

Kama atakuja kwako na ukampa seti kamili, mota na draivu yake na kebo zake, umeziwasha mbele yake zikazunguka, sawa. La sivyo aache.

MtumbaSafi · Changamwe

Hapo kwenye kebo umesema kweli. Nilikaa wiki mbili na plagi moja.

BiSakiti · Lamu

Habari zenu. Mimi kazi yangu ni kufunga stima mahotelini na majumbani, Shela na hapa mjini. Mmepiga hesabu nzuri, lakini hakuna aliyeuliza ukutani kuna nini.

Draivu nyingi za 220 zimeandikwa 200 hadi 230, na ruhusa ya asilimia 10 juu. Hiyo ni mwisho 253. Stima yetu kwa jina ni 240. Nafasi iliyobaki ni volti 13 tu. Mwanangu, chukua mita, pima saa kumi alasiri watu wakiwa wamewasha viyoyozi, kisha pima saa nane usiku mji umelala. Andika kwenye karatasi wiki nzima. Ikipita 250 usiku, weka transfoma ya kushusha au staibilaiza ya maana kabla ya draivu. Na ikishuka sana mchana, kengele ya volti ndogo itakuzimia mashine katikati ya ua. Nani jirani yako?

PatasiYaAmu

Upande mmoja bekari. Upande wa pili welda.

BiSakiti · Lamu

Basi ndiyo hiyo. Vuta laini yako mwenyewe kutoka kwenye mita.

Pili, eathi. Umekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe. Nondo moja ya shaba ya mita moja na nusu wakati wa kaskazi, udongo mkavu, ni kama hujaweka kitu. Piga nondo tatu zilizoachana, uziunge, upime. Bila eathi, kelele za spindo zitaingia kwenye waya za pulsi (mapigo ya umeme yanayoiamuru mota) na mota itasogea bila kuambiwa. Inverta ya spindo (kifaa kinachoilisha stima) iweke mbali na draivu, kebo yake iwe ya ngao, na ngao ifungwe kwenye eathi kwa kibano cha kuizunguka yote. Usiisokote mkia wa panya.

Tatu, ile swichi ya usalama ya miliampea 30 itakata kila ukiwasha. Vichujio vya draivu huvujisha kidogo kidogo kwenye eathi, draivu tano na inverta zikijumlishwa swichi inadhani kuna mtu ameshikwa. Usiitoe ukaunga moja kwa moja kama nilivyoona karakana moja! Iko aina ya viwandani kwa kazi hiyo.

Nne, kabati. Feni ya kuvuta hewa ya nje kwenye kabati, hapa Lamu, ni pampu ya chumvi. Pamoja na vumbi la mbao unapata uji. Kabati lifungwe kabisa, liwe kubwa, na feni izungushe hewa ya ndani tu. Draivu za wati 400 hazina joto la kutisha.

FundiDraivu · Malindi

Dada, nimesimama. Naongeza moja kwenye draivu: bodi yake ya ndani iwe imepakwa vanishi ya kuzuia unyevu. Muulize muuzaji kabla. Akijibu "sijui" maana yake hapana.

Msomaji77

Samahani kuingilia. Kontrola je? Nina Mach3 (programu ya kuongoza CNC) na kompyuta ya zamani yenye tundu la printa, itaendesha servo hizi?

FundiDraivu · Malindi

Itaendesha polepole. Servo ikiwekwa pulsi 10,000 kwa mzunguko, kwenye 3,000 inataka pulsi laki tano kwa sekunde, yaani kilohezi 500. Mach3 kwenye tundu la printa kwa kawaida inaanza na kilohezi 25. Ndiyo maana watu hulalamika "servo yangu haikimbii", kumbe kompyuta ndiyo haiwezi kuongea haraka.

Dawa ni gia ya elektroniki ndani ya draivu. Weka pulsi 2,000 kwa mzunguko. Kwa pinioni yetu kila pulsi ni milimita 0.006, na mchwa hali mbao kwa usahihi huo. Hata hivyo kwa kilohezi 25 utapata mita karibu 9 kwa dakika tu. Kwa @PatasiYaAmu mimi ningeenda LinuxCNC, programu ya kazi hiyo hiyo, ni ya bure, na kadi ya Mesa 7i96S inayounganishwa kwa waya wa mtandao. Ina njia tano za pulsi, na yeye ana mota tano. Pia inajua kunyoosha gantri ya mota mbili: kila upande una swichi yake ya nyumbani, wa kwanza kufika anamngoja mwenzake.

Waya za pulsi tumia jozi ya volti 5, ile ya chanya na hasi. Njia ya volti 24 ya waya mmoja kwenye draivu nyingi inaishia kilohezi 200 na hudaka kelele kama redio.

PatasiYaAmu

Nimesoma mara tatu. Nimeagiza seti sita za wati 400, mbili zina breki (Z na akiba). Skrubu ya mita 2.4 nimeifuta. Reki, giaboksi mbili za 10, hamoniki moja ya 50 ya mtumba. Jumla imetoka chini ya ile ya wati 1,000. Jirani sijamwambia.

PatasiYaAmu *(wiki saba baadaye)*

Narudi na habari, nzuri na ya aibu. Naanza na ya aibu.

Mzigo ulifika salama. Nilifanya kama nilivyosoma: kila mota juu ya meza peke yake, kipande cha plasta kwenye shafti kama bendera, nikabonyeza jogi (mzunguko wa majaribio) kwenye draivu yenyewe, bendera inazunguka. Zote sita zinafanya kazi. Nikaenda swala ya alasiri.

Ndugu yangu akabaki. Kapilingi ya X (kiungo cha mota na skrubu) ilikuwa inabana kwenye shafti ya milimita 14. Yeye ni mchongaji miaka ishirini. Kitu kikibana mkono wake unajua dawa moja tu. Alichukua nyundo ya mbao, ile ya kugongea patasi, akaipiga. Anasema mara tatu, tena "kwa upole". Narudi, draivu inaonyesha kengele ya enkoda. Ukiizungusha shafti kwa mkono karibu na sikio unasikia kitu kidogo, kama mchanga ndani ya kombe.

FundiDraivu · Malindi

Inna lillahi. Kisahani cha enkoda. Ni kioo chembamba, kiko nyuma ya mota, na kila pigo la nyundo mbele linafika huko. Kapilingi ikibana, ipashe moto kidogo kwa hita ya upepo, au safisha tundu kwa msasa, inateleza yenyewe. USIFUNGUE mfuniko wa nyuma kujaribu kurekebisha. Hata ukipata kisahani kingine, nafasi yake na sumaku za rota ikipotea mota itakimbia wazimu au itanguruma tu.

PatasiYaAmu

Ameshafungua 😅 Lakini tulikuwa na akiba, na nimeelewa kwa nini ulisema yenye breki. Nikaifunga kwenye X. Ikakataa kuzunguka, inanguruma kisha kengele ya mzigo mkubwa. Masaa mawili natafuta vipimo, nabadilisha gia ya elektroniki, namlaumu ndugu yangu kwa mara ya pili. Kumbe breki yenyewe haijapata volti 24, imeshika! Mota inapigana na breki yake. Nikaunga waya mbili, tik, ikaachia.

Habari nzuri: mfaa wa kwanza umetoka. Mvule, siyo mbambakofi, sikuthubutu. Kuondoa mbao kwa mita 8 kwa dakika, mstari wa mwisho mita 6. Masaa manne na robo yote pamoja. Baba alikuja akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ua, akasema "pana manyoya". Akachukua patasi akakaa nao mpaka magharibi. Siku mbili zimekuwa alasiri moja, na yeye kafanya ile sehemu aipendayo.

Mwanzoni Y zilikuwa zinaimba, sauti kama nyuki kwenye kopo. Nilishusha ukali wa draivu hatua mbili zikanyamaza. Volti ya usiku ilifika 251 siku moja, nimeweka transfoma.

MwanaMatondoni

Mzee wa patasi ndiye fundi. Nakuja kuiona mashine Ijumaa, nitaleta samaki.

BiSakiti · Lamu

Hongera. Breki ya Z umeijaribu kwa kuzima stima yote spindo ikiwa juu? Siyo kwa kubonyeza kitufe cha dharura. Swichi kuu.

PatasiYaAmu

Nimejaribu leo. Niliweka godoro chini kwanza. Imeshuka milimita nne hivi, ndipo ikashika. Ni kawaida?

BiSakiti · Lamu

Nne ni nyingi, kisu kitakuwa ndani ya ua. Breki yako inalishwa na ile pawa ya volti 24, siyo? Pawa hiyo ina akiba ya chaji, ukizima ukuta yenyewe bado inatoa 24 kwa muda, na breki inabaki wazi wakati mota imeshalegea. Weka rilei ambayo koili yake inakula moja kwa moja stima ya ukutani, na mguso wake ukate waya wa breki. Ukuta ukifa, breki inafunga papo hapo. Halafu kwenye draivu ongeza muda wa mota kushika baada ya amri ya breki, anza na milisekunde 100, hiyo ni kwa ajili ya kitufe cha dharura.

PatasiYaAmu

Nimeweka rilei, na muda nimeupa 150. Nimezima mara kumi. Mara tisa haikushuka kiasi cha kupimika, mara moja nusu milimita. Godoro bado liko pale.